Mguu wa Baba

Zamani mgonjwa alikuwa na watu na hana dawa. Siku hizi ana dawa na hana watu, ana picha za maua tu zinazoingia kwenye simu kila asubuhi.

Maua hayo Soli aliyapata kwa wingi. Alikuwa fundi viatu, na wateja walimwita Soli kwa miaka mingi hata jina alilopewa na mama yake likachakaa kwa kutotumiwa. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, wote wenye kazi za kukaa kwenye viti vinavyozunguka. Binti mkubwa alimtumia waridi alfajiri, lenye maandishi ya dhahabu ya kumtakia siku njema, maana yeye ndiye mkubwa na lazima atangulie. Mwana wa kiume, aliyekuwa meneja wa kitu fulani ambacho baba yake hakuwahi kukielewa, alituma waridi lile lile saa za chakula cha mchana. Kitindamimba alituma jioni, au alisahau. Soli aliyatazama, akaweka simu juu ya rafu kati ya kopo la rangi ya viatu na boksi la misumari, akaendelea na kazi. Ua halikai kwenye kigoda likakupigia soga.

Kazi yake ilikuwa katika kijichumba cha chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mrefu huingia kwa adabu apende asipende. Hapo alijifunza kwa mjomba wake kukata ngozi, kupaka uzi nta, na kungoja gundi ishike. Hapo ndipo alipowasomesha wale watatu, kwa visigino vya watu. Mama yao alipofariki walikuja, wakalia vizuri sana, wakasema watakuwa wanakuja, wakaondoka. Kisha vikaingia viatu vya plastiki, vya bei ya karanga. Kikichanika, kinatupwa. Watu walianza na viatu, wakaendelea na wazee.

Asubuhi moja ya baridi gundi iliganda koponi. Gundi ya viatu na moto havikai nyumba moja. Soli aliwaimbia hilo wanafunzi wake wote, na mmoja aliwahi kula kofi kwa kulisahau. Lakini mganga hajigangi. Alikuwa na haraka na kiatu cha mtu, akalisogeza kopo karibu na jiko la mkaa lilipokuwa birika la chai. Kopo likalipuka. Fundi saa wa chumba cha pili, rafiki yake wa drafti na wa matusi, ndiye aliyemzima kwa gunia lenye maji. Mguu wa kushoto ulikuwa umeungua kutoka chini ya goti mpaka kwenye kifundo.

Na hapo, alipolazwa hospitali, watoto wakaja. Walikuja wote, siku ile ile, na magari yao, na nyuso zao ambazo Soli alikuwa ameanza kuzikumbuka kwa msaada wa picha.

Babake Soli naye alipata kuugua kidonda cha mguu, Soli akiwa kijana. Wakati huo kidonda cha mtu kilikuwa kazi ya mtaa. Mmoja alichemsha maji, mwingine alifukuza nzi kwa kitambaa, mwingine hakujua kufanya lolote, basi alikaa tu mlangoni na kusimulia uongo mpaka mgonjwa akacheka. Hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Ni kweli, mzee yule alikufa kwa kidonda kile. Lakini alikufa katikati ya watu, na mmoja wao alikuwa bado hajamaliza hadithi yake.

Watoto wa Soli nao walishughulika, kwa namna yao. Meneja aliunda kundi kwenye simu, akaliita Mguu wa Baba. Akaingiza ndugu wote, mpaka wale waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya kiwanja, na wengine ambao Soli aliamini walikwisha kufa. Kila bandeji ilipobadilishwa wodini, wale watatu walikuwapo, simu juu. Picha ikienda, majibu yanarudi kama mvua. Binti mkubwa alisema dawa ni asali, akaja nayo kwenye mkoba. Shangazi mmoja wa mbali alisema ute wa yai. Kitindamimba alipendekeza dawa ya meno, kwa sababu inapoza. Meneja aliandika maelezo marefu kwamba kidonda kinataka hewa, na binamu ishirini wakamwekea dole gumba, wengine bila kusoma.

Sista wa wodi ile, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mwisho wa ukumbi, alimnyang'anya binti mkubwa chupa ya asali na kumwambia akaitie kwenye chai.

Soli alikuwa amelala hapo katikati, anaumwa kweli, hana usingizi, na harufu ya mguu wake ilimfanya aone haya. Lakini kila jioni vichwa vitatu vilimwinamia. Binti mkubwa humshika bega. Meneja, ambaye hata mkono alikuwa anautoa kama anauazimisha, humwekea mto vizuri. Kitindamimba humfuta jasho. Angekuwa mwongo kama angesema kidonda kile hakukipenda hata kidogo.

Fundi saa alipokuja kumtazama, akaona lile kundi la watu na simu, alitikisa kichwa.

"Soli, mguu wako umepata jina mjini kuliko wewe. Ungejua, ungeuchoma zamani."

"Na wewe choma saa zako, labda zitaanza kwenda," Soli akamjibu, lakini maneno yale yalimkaa moyoni.

Kidonda kilipokuwa kisafi na chekundu, daktari akasema ni kikubwa mno kujifunga chenyewe. Wangechukua ngozi nyembamba kutoka paja la kulia na kuipandikiza juu yake. Soli alielewa mara moja. Ni kiraka, hana haja ya kufundishwa viraka. Alimwuliza daktari atatumia uzi gani, daktari akacheka, Soli hakucheka. Baada ya upasuaji mguu ulifungwa shashi na bandeji nene, na amri ikatolewa mbele ya familia yote: asifungue mtu, asipekue mtu, asichungulie mtu, mpaka daktari afungue kwa mkono wake. Ngozi ile ilikuwa imelazwa tu pale, bado haijashika. Ikisogezwa, imekufa.

Basi jioni iliyofuata watoto walikuja na hapakuwa na cha kuona. Mguu ulilala juu ya mto kama mzigo uliofungwa tayari kwa safari. Binti mkubwa alimwuliza anajisikiaje, akasema nafuu. Baada ya hapo mazungumzo yakaisha. Meneja alisoma tangazo la ukutani la kunawa mikono, kisha akalisoma tena. Siku ya pili alikuja, akabaki amesimama muda wote, funguo za gari mkononi. Siku ya tatu Kitindamimba hakutokea, akatuma waridi. Kwenye Mguu wa Baba, shangazi wa mbali aliuliza mbona hakuna picha, na hakuna aliyemjibu. Kundi likaanza kutumiwa kuuzia mashuka.

Siku ya nne walikuwapo wote watatu, lakini walikaa ukingoni mwa viti vyao kama watu wanaongoja kuitwa kwingine. Meneja akasema ana safari ya kikazi, huenda wiki nzima asionekane. Binti mkubwa akasema naye ana mambo. Wakaanza kuinuka.

"Hamtaki kuona?" Soli akauliza.

Aliuliza polepole, kama muuza duka anayemwonyesha mteja kitu kilichofichwa chini ya kaunta. Wakatazamana. Binti mkubwa alisema daktari amekataza, lakini alisema huku anakaa. Meneja alitazama mlango, akaona Sista yuko upande wa pili anagombana na kitanda kingine, akatoa simu.

"Kidogo tu, Baba. Shangazi amekuwa akiuliza."

Soli alifungua mwenyewe. Vidole vyake vilijua kufungua kitu bila kukichana. Alipofika kwenye shashi ya mwisho, ilikuwa imegandamana na kiraka, naye alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba soli haivutwi kabla gundi haijashika. Lakini vichwa vitatu vilikuwa vimeinama juu ya mguu wake, vimegusana kama enzi zile walipokuwa wanachungulia kuku aliyeatamia, na mkono wa binti mkubwa ulikuwa begani mwake. Akavuta. Ngozi ikainuka upande mmoja pamoja na shashi, ikajikunja. Meneja akapiga picha mbili, kwa sababu ya kwanza ilitoka na ukungu. Wakasema, aa, kumbe. Soli akairudisha ngozi kwa kidole, akafunga kila kitu kama kilivyokuwa, nadhifu kabisa.

Siku daktari alipofungua, kiraka chote kilikuwa cheusi.

Daktari aliuliza kama kuna mtu aliyegusa. Soli alisema aliota ndoto mbaya, huenda alijikuna. Watoto, waliokuwa wamepanga mstari kando ya kitanda, walitazama sakafu iliyopigwa deki vizuri. Meneja, aliyekuwa ameahirisha safari yake, alikohoa.

Daktari alipoondoka na watoto wakamfuata nyuma kumwuliza maswali ya kisomi, Sista alibaki. Aliokota bandeji kwenye sinia, akamwonyesha Soli ncha yake. Ilikuwa imefungwa fundo dogo, lililolala, la kupita mara mbili; fundo la kumalizia uzi kwenye kisigino.

"Mzee, sisi hapa hatujui kufunga hivi," akasema. "Hili fundo zuri."

Soli akavuta shuka mpaka kifuani.

"Wewe ni fundi viatu. Umebandika soli, mteja akaivuta kabla haijakauka, ili awaonyeshe rafiki zake. Unamwambiaje?"

"Namtukana."

"Basi jitukane. Mimi nina wagonjwa."

Alifika mlangoni akageuka. Alimwambia, bila kupaza sauti safari hii, kwamba limebaki paja la kushoto. Wataondoa kilichooza, watapandikiza tena. Ikiharibika na hiyo, kidonda kitaingia mfupani, na daktari hatazungumza tena habari ya viraka. Atazungumza habari ya msumeno. "Ukibaki na mguu mmoja, wanao watakuja kukutazama vizuri tu," akasema. "Mara moja."

Soli alijitukana mchana kutwa. Alikuwa na akiba kubwa ya matusi, na mengine alikuwa amerithi kwa mjomba wake.

Kiraka cha pili kilipowekwa, watoto walikuja, wakakaa, wakautazama mzigo ule mweupe. Meneja, aliyekuwa amerudi safari, aliegesha kiwiko kwenye ukingo wa kitanda. Akasema watu wengi wanaombea, wangefarijika wakiona hata upande mmoja. Shashi isingeguswa, ingefunguliwa bandeji ya juu tu.

"Hapana," Soli akasema.

"Baba, ni dakika moja."

"Haijakauka. Kaeni tuongee."

Walikaa. Aliwasimulia mteja mmoja wa zamani, mnene, aliyeleta kiatu kimoja tu kila mara na hakuna aliyejua cha pili anakivaa lini. Hadithi hiyo mama yao alikuwa akiicheka mpaka anashika mbavu. Binti mkubwa alitabasamu katikati, akiwa anasoma ujumbe. Soli hakujua katabasamu kwa lipi. Kesho yake alikuja mmoja. Kesho kutwa yakaja maua. Fundi saa alikuja na ubao wa drafti chini ya kwapa, akamfunga Soli mara tatu na kumkejeli mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakashiriki. Lakini fundi saa hakuwa mtoto wake, na wote wawili walilijua hilo.

Siku ya kufungua walirudi wote. Ngozi ilikuwa imeshika, ya waridi, yenye mikunjo kama karatasi iliyoloa ikakauka. Sista aliipapasa kwa kidole chenye glavu, akasema tu, "Fundi huyu." Watoto walipiga picha kwa pande zote. Kwenye Mguu wa Baba makofi yalilipuka. Shangazi wa mbali alimshukuru Mungu na ute wa yai, na binti mkubwa akaandika kwamba tumeshinda.

Wakamrudisha nyumbani kwa gari la Meneja, kwenye chumba chake cha nyuma ya kile cha chini ya ngazi. Wakamkalisha kwenye kiti kando ya mlango, wakamwekea mkongojo karibu, wakamwomba akunje suruali kwa picha ya mwisho. Alikunja. Wakasimama nyuma yake, wakainama ili nao waonekane na mguu uonekane, wakatabasamu. Kisha wakamwambia apumzike, wakaingia garini.

Gari lilifika kwenye kona likasimama. Mlango wa nyuma ukafunguka, Kitindamimba akatoka, akaja mbio kuelekea kwa baba yake. Soli alisimama. Alisimama bila mkongojo, mara ya kwanza tangu siku ya moto, akaukanyagia mguu wa kushoto uzito wote, akanyoosha mkono.

"Chaja, Baba, nimesahau chaja," akasema mtoto, akampita mlangoni, akaichomoa ukutani, akampita tena.

Alikimbia hadi garini, akajirusha ndani, na mlango ukaubana waya nje. Gari likakata kona na waya ule ukiburutwa chini. Vile vichwa vitatu alivyoviona kwenye kioo cha nyuma kabla gari halijaondoka, vimeinamia mwanga wa simu moja, ndiyo mara ya mwisho Soli kuwaona pamoja.