Kompyuta Iliyomfuta Kaka Yangu

Mimi nilivuka ziwa nikikimbia vita, mtoto mgongoni, mawimbi yanaingia mtumbwini, na sikulia. Lakini kompyuta ya mjukuu wangu ilinitisha. Tulikaa mbele yake mimi na yeye, midomo imefungwa, mlango umefungwa, na bado aliponisikilizisha kile alichorekodi, mashine ilikuwa inasema. Shhhhhh. Na ndani ya ile shhh kulikuwa na kitu kingine kinavuma, kama nzi ndani ya chupa.

"Bibi, unahema kwa nguvu," mjukuu akasema.

"Nisiheme nife?"

Akanitoa nje. Katika chumba changu mwenyewe, nyumba niliyoijenga mimi! Nikasimama barazani kama mdaiwa, yeye akarekodi peke yake. Shhhhhh. Akazima feni. Akaenda kwa jirani kuomba friji lizimwe kidogo, jirani akamwambia samaki wake wakioza atamletea yeye ale. Friji likazimwa. Shhhhhh. Akaazima maikrofoni ya kwaya, ile nzito ya chuma, akaichomeka nyuma ya mashine. Shhhhhh, na sasa kwa nguvu zaidi.

"Si kitu," akasema. "Nitaisafisha baadaye."

Nikamwamini. Mimi shule niliishia darasa la pili, huyu binti nimemsomesha kwa mawese, debe baada ya debe, mpaka akatoka Mwanza na cheti cha kompyuta. Chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Katubuka amekifanya steshenari: anachapa barua, anatoa fotokopi, anachoma CD za kwaya. Mtu wa namna hiyo akisema atasafisha, unamwachia asafishe.

Sababu ya haya yote ni kaka yangu. Mwaka ule wakimbizi walikuwa wanaitwa majina kwenda Marekani, na jina lake lilitoka, yeye na wanawe wote. Akaomba kibali cha kutoka kambini kuja kuniaga. Wakampa siku tatu. Siku ya tatu, saa sita mchana, awe Mwandiga kwenye gari la kumrudisha, la sivyo anaharibu safari ya watoto. Alikuwa amepita miaka sabini. Nilijua kwamba tukiagana ndiyo basi. Na picha sikutaka, picha ninazo. Nilitaka inanga yake.

Inanga kwetu Burundi ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, juu yake kamba moja ya mshipa wa ng'ombe inapitishwa kwenda na kurudi mara nane. Anayepiga haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Nyuzi zenyewe ni za chini, ukipaza sauti umezizika, kwa hiyo mtu anainama juu ya ubao wake na kuyapumua maneno. Baba yetu alipiga hivyo, akamfundisha kaka. Sisi wasichana tulikaa upande wa jiko, tukasikia nyuzi na pumzi, maneno tukaambulia moja hapa, moja kule. Wimbo niliokuwa nautaka ni mmoja tu, wa kuwaita watu wa kwetu waliokufa. Baba hakuupiga mara mbili kwa siku moja. Kaka naye hivyo hivyo, hata umpigie magoti.

Akafika jioni, inanga mgongoni imefungwa kwa kitenge.

"Shikamoo babu," mjukuu akasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo mashine yenyewe hii? Mbona ina sura ya televisheni iliyofiwa?"

Tukala mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, na ugali wa muhogo, tukalala.

Siku ya pili asubuhi akapiga. Mjukuu akamwekea ile maikrofoni ya kwaya karibu na goti. Mwanzoni kaka hakugusa nyuzi. Aliinama akanong'ona muda mrefu, kwa sababu wafu wanaitwa kwanza kwa pumzi tupu, ndipo nyuzi zifuate. Kisha vidole vikaingia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nimejifunika khanga usoni. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho.

Mjukuu akavaa vifaa vyake vya kusikilizia, vile vya masikioni, akaanza kazi ya kusafisha. Akanieleza vizuri, nami nikaona fahari: unachukua kipande kisicho na kitu, chenye ile shhh peke yake, unaionyesha kompyuta, unaiambia, chochote kinachofanana na hiki popote utakapokikuta, kitoe. Akabonyeza. Akahifadhi. Akatuwekea kwenye spika.

Nyuzi zikatoka safi kama maji ya kisima. Ting, ting, ting. Tukasubiri sauti ya kaka. Nyuzi zikaendelea. Tukasubiri. Wimbo ukaisha.

"Yampaye inka!" nikapiga ukelele. Kwetu mtu akishtuka sana anaapa kwa ng'ombe aliopewa na baba yake. "Kaka yuko wapi?"

Mjukuu akairudisha mwanzo, nyuzi peke yake tena. Yule mtoto amekulia Katubuka, na katika maisha yake hajawahi kusikia mtu akiimba kwa kunong'ona. Kile kipande cha mwanzo, kaka alipokuwa anawaita wafu kwa pumzi tupu, yeye alidhani babu bado hajaanza, akakisikia kuwa ni kelele ya mashine. Ndicho alichoionyesha kompyuta. Nayo ikapita wimbo mzima, neno kwa neno, ikamtoa kaka yangu kama mtu anavyotoa mawe kwenye mchele.

"Rudisha," nikamwambia.

"Bibi, nimehifadhi juu ya ile ile. Ya mwanzo haipo."

"Haipo vipi na nimeisikia kwa masikio yangu?"

"Haipo, Bibi." Machozi yakaanza kumtoka.

Kaka akacheka. Akacheka kweli, mpaka akakohoa. "Basi wamenifuta hata sijapanda ndege."

Mimi sikucheka. Nilimwomba apige tena, akatikisa kichwa. Kesho. Kesho aliyokuwa nayo ilikuwa inaishia saa sita, na humo humo kuna njia ya Mwandiga.

Mchana ule steshenari ilifungwa kwa wateja. Mjukuu alifuta uso, akakaa mbele ya mashine kama mtu anayetaka kupigana nayo. Akarekodi tena kimya. Shhhhhh. Halafu akafanya kitu ambacho alipaswa kukifanya tangu siku ya kwanza. Akachomoa waya wa maikrofoni, akauweka sakafuni, akarekodi bila maikrofoni yoyote.

Shhhhhh.

Nikasimama. "Hiyo inasikia kwa kutumia nini?"

"Ndiyo maana yake, Bibi. Haisikii. Inajisikia yenyewe. Tazama." Akashika mausi, akaisogeza mezani. Ile sauti ya nzi ikasogea nayo: zzi, zzi. Akaacha, ikatulia. Akasogeza tena, zzi. Nimeona mambo katika dunia hii, lakini mkono wa mtu kugusa kitu hapa na kelele kulia kule, hilo sikuwa nimeliona.

Akafungua ubavu wa mashine akanionyesha. Kazi ya kupokea sauti inafanywa na kadi ya sauti, na kwenye mashine ile ya bei rahisi kadi ilikuwa imebanwa humo humo tumboni, pamoja na feni na nyaya za umeme na kila kinachozunguka. Inaokota vurugu za wenzake wote. Maikrofoni yetu haikuwa na kosa. Wala feni ya dari, wala friji la jirani, wala kifua changu.

"Umenitoa nje bure," nikamwambia.

"Nisamehe Bibi."

"Na friji la jirani umelizimisha bure."

"Naye nitamwomba radhi."

Siku ya tatu maduka ya Mwanga yalipofunguliwa mjukuu alikuwa tayari mlangoni kwa jamaa mmoja anayerekodi kwaya. Mimi na kaka tulikaa barazani tunatazama jua linavyopanda ukutani. Inanga ilikuwa mapajani mwake, hakuifungua. Saa tatu ikapita. Nilianza kumtukana mjukuu kimoyomoyo, kisha yule wa kwaya, kisha Marekani. Saa nne kasoro, pikipiki ikasimama. Mjukuu akashuka ameshika kitu kidogo kama kidole gumba, chenye matundu mawili.

"Kadi ya sauti ya nje," akasema. "Inakaa pembeni, mbali na lile tumbo."

"Hiki?"

"Hicho hicho, Bibi. Tukae."

Akakichomeka mbele ya mashine, na maikrofoni akaichomeka kwenye kile kidole. Akarekodi kimya. Akatusikilizisha. Hakukuwa na kitu. Nilisogeza sikio kwenye spika nikidhani imezima. Kisha nikasikia kuku wa jirani, mbali, anakwaruza. Akasogeza mausi. Kuku peke yake. Sikujua kwamba kimya kinaweza kumshtua mtu kuliko kelele.

Safari hii maikrofoni haikuwekwa gotini. Mjukuu aliisogeza hadi mbele ya midomo ya kaka, upana wa vidole vitatu, akamwambia, "Babu, wewe nong'ona tu kama kawaida yako." Kaka akainama. Akawaita.

Alipomaliza nilitaka kusikiliza kwanza mimi. Mjukuu akanivika vile vya masikioni. Pumzi. Ukucha unagusa uzi. Halafu maneno, yote, hakuna lililopotea. Kaka alikuwa ndani ya sikio langu. Umri wangu wote nimeusikia wimbo ule kutoka upande wa jiko, na sasa ndiyo kwanza naelewa unasema nini. Akamwita babu yetu mzaa baba. Akamwita mama, na kisima alichokuwa akichota maji. Akawaita ndugu zetu wawili, kila mmoja na mahali alipoangukia. Kisha akaniita mimi. Jina langu, lile la kwetu, ambalo Kigoma hakuna anayelijua. "Uliyekwenda na maji, mtoto mgongoni, ulale."

Nikavua vile vitu masikioni.

"Umeniweka kwa wafu?"

Kaka alikuwa anaifunga inanga kwenye kitenge. Mikono ikasimama. "Umesikia?"

"Nimekufa lini mimi?"

"Tuliletewa habari mtumbwi wenu umezama kabla ya kufika Mwamgongo." Aliangalia chini. "Si mimi niliyekuweka humo. Ni baba. Alikuimba jioni zote mpaka naye akafa. Mimi nimeupokea wimbo hivyo."

Sikujua. Huyu mtu alinikuta sokoni Mwandiga miaka ishirini tangu nivuke ziwa, vita vya pili vya Burundi vilipomleta naye huku, nikamrukia na madebe ya mawese yakamwagika, tukalia mpaka watu wakakusanyika. Akaniambia baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Hakuniambia alikufa akinililia.

"Na uliponiona niko hai hukunitoa?"

"Nilijaribu. Nikifika pale vidole vinakwama. Ni maneno ya baba, mushiki wanje, dada yangu, nitayapeleka wapi?"

"Piga tena, unitoe."

"Leo nimeshapiga."

Saa nne na nusu. Mjukuu alikuwa amesikia yote, macho yamemtoka. Akatusogelea polepole. "Bibi, mimi naweza kukata pale. Ni sekunde nne tu. Nyuzi nitaziunga, hutajua palikuwa na kitu." Na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mausi.

Nikaupiga kofi. "Usiguse! Jana umemfuta huyu, leo unataka kumfuta baba?"

Akauficha mkono nyuma. Kaka akaanza tena kile kicheko chake cha kukohoa, safari hii nami nikacheka, huku kamasi zinanitoka.

Tukampeleka Mwandiga. Gari lilikuwa limewasha injini. Alipokuwa amekaa dirishani, inanga mapajani, akanishika vidole.

"Sasa huko nikipiga, nikutoe au nikuache?"

"Sijui. Niache kwanza nizoee."

Gari likaondoka. Sikupunga mkono, mikono ilikuwa haiinuki.

Kurudi nyumbani nilikuta wateja wa fotokopi barazani, wamenuna. Mjukuu akafungua. Mimi nikapita katikati yao, nikakaa mbele ya mashine, nikavaa vile vya masikioni bila kuomba, nikamwambia aanze. Babu. Mama na kisima. Ndugu zetu wawili. Halafu jina langu. Kwetu baba akimwita binti, binti haachi kuitika.

"Abee," nikaitika, kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yalikuwa yamezibwa, mpaka yule aliyekuwa anasubiri fotokopi akaangusha karatasi zake.