Mama Mkulima Aliyekunja Magoti Kinyumenyume

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya akina mama wa Ikwiriri!

Kikundi chao cha ufuta kiliniomba katuni ya kufundisha kuvuna.

Kuchora siwezi. Nikachukua askari wa kwenye gemu, nikamhamishia kwenye programu ya katuni, nikamvua bunduki, nikamfunga kanga. Halafu nikasimama mbele yao nikajiita mtaalamu.

Kwenye skrini, mkulima wangu akatembea vizuri hadi shambani. Akainama akate ufuta.

Magoti yakakunjika kwa nyuma, kama ya korongo!

Bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Mwanangu, huyu mama kapatwa na nini?"

"Mifupa yake ya kwenye kompyuta ilikaa vibaya nilipomhamisha kutoka kwenye gemu, bibi."

"Sasa ukimhamisha mtu si umshike vizuri?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaomba nikamrekebishe kwanza.

Mwenyekiti wao, Bi Mwanahawa, akakataa huku akijifuta machozi. "Muache hivyo hivyo. Masomo mengine huwa tunasinzia, leo hata mmoja hajapiga mwayo. Kesho tunampeleka kwa wakulima wenzetu wa Bungu, nawe uje uwaeleze hiyo mifupa."

Nyie, niende, au nijifanye naumwa?