Kamba Fupi

Kaka yangu alifanya kazi Kilifi muda mfupi tu, lakini kila akija nyumbani Kanduyi alituhubiria bahari. Nilipotoka Kitale, ninakoishi, kumtembelea, tulikodi kayaki tukavua samaki aina ya changu hadi ndoo ikajaa. Kisha tukapanda ukingoni kupumzika. Akaifunga kayaki kwenye mkoko kwa kamba fupi, akaikaza, vile baba alivyotufundisha kufunga ng'ombe asifikie mahindi ya jirani.

Nikamuuliza, "Na maji yakishuka?"

"Mtu wa Kitale unajua nini kuhusu maji?"

Tukalala kivulini. Tulipoamka, maji yalikuwa yamekupwa. Kayaki ilikuwa inaning'inia kwa pua, ndoo imemwagika, na kaa walikuwa wanakula changu wetu matopeni. Tulikokota kayaki kwenye tope hadi jioni. Hakusema pole.

Krismasi akakisimulia kisa hicho mbele ya jamaa wote, na katika kisa chake aliyefunga kamba ni mimi. Walicheka hadi machozi. Nikamwangalia, naye akaendelea kutafuna.

Mama akaniongezea ugali, akasema kwa upole, "Si ungemsikiza kaka yako. Yeye bahari anaijua."