Pale Mshale Unaporuka

Wanafunzi wa chuo cha ukarani walimwita Mkasi, naye hakuchukia. Mwalimu huyo wa kompyuta alikuwa amerekodi masomo arobaini na mawili: skrini yake ikionekana, sauti yake ikieleza bofya hapa, subiri, sasa bofya pale. Alirekodia chumbani, dirisha limefungwa, blanketi limetundikwa mlangoni kumeza mwangwi. Akikohoa, alikata. Jirani akigongelea msumari, alikata. Mkewe akifungua mlango, alikata pia.

Na mkewe alikuwa na kipaji cha kufungua mlango palepale pasipotakiwa.

"Baba watoto, chai inapoa."

"Narekodi."

"Basi waambie na hao wanafunzi wako kwamba inapoa."

Yote hayo yalikatwa, yakafutwa. Mwalimu hakuwa mtu wa kutunza takataka. Alilisema hilo kwa fahari, mkewe akisikia.

Mwezi wa pili mkewe aliugua siku nne, ya tano akafariki. Wafiwa walipobaki wenyewe, binti yao aliuliza kama kuna mahali sauti ya mama imebaki. Mama hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Alipendelea kuja mwenyewe na kusimama mlangoni.

"Haiwezi kukosekana," mwalimu alisema. "Miaka sita anaongea mbele ya kipaza sauti changu."

Jumamosi na Jumapili walikaa bega kwa bega, kila mmoja na kisikilizi kimoja sikioni, wakasikiliza masomo yote. Ilikuwa kazi safi mno. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwake hayakungoja hata binti aolewe.

Kilichobaki ni mshale. Kila alipokata, mshale wa kompyuta uliruka ghafla kama panzi, kutoka pembe hii hadi ile. Somo la saba, dakika ya nne, uliruka.

"Hapa alikuja," mwalimu alisema.

"Akasema nini?"

Akafikiri. "Labda chai."

"Baba, hukumbuki."

"Sikumbuki."

Binti akachukua daftari, akaandika kila paliporuka: somo, dakika. Walipata mahali mia moja na tatu. Baadhi, bila shaka, palikuwa pa kikohozi.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara akamwita. Programu aliyokuwa akiifundisha ilikuwa imebadilishwa sura, vitufe vimehamishwa. Masomo yote yarekodiwe upya.

"Na safari hii mwalimu, ule mshale wako usiruke. Wanafunzi wanalalamika. Rekodi za zamani tutazifuta."

"Naomba nibaki nazo."

"Za nini? Si zinaruka?"

"Zinaruka, ndiyo."

Alianza na somo la saba. Akatundika blanketi, akafunga dirisha. Hakuna aliyekuja. Dakika ya nne mkono wake uliacha kipanya wenyewe, akageukia mlango, akangoja. Kisha akaendelea.

Mkuu aliitazama rekodi hadi mwisho. "Safi. Ila hapa katikati kuna kimya, sekunde kumi na moja. Hii kata."

"Hapana."

Mkuu alidhani hakusikia vizuri. Ni Mkasi huyu. "Watadhani kompyuta imeganda, mwalimu."

"Watasubiri," alisema. "Lakini angalia mshale, mkuu. Umesimama palepale. Haukuruka hata kidogo."