Mwanamke, Miaka Sitini, Nyakitonto

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa takwimu hospitalini Kibondo. Kila Jumatatu asubuhi nilipitia daftari la chumba cha dharura, nikahesabu waliokuja na surua, kuhara damu, kifua. Kisha nilimpigia karani mwenzangu wa Kasulu anisomee ya kwao. Kila mgonjwa nilimchorea kijiti kimoja. Mchana vijiti viligeuka namba, namba zikatumwa mkoani, ili ugonjwa wa mlipuko ukianza ujulikane mapema.

Mwanzoni yule bwana alinisomea na majina. Nikamkaripia. Siri ya mgonjwa si habari ya kijiweni! Soma jinsia, umri, kata na ugonjwa, basi. Nina mdomo, sikatai. Tangu hapo akawa ananisomea kwa madaha: "Mwanamke, miaka sitini, Nyakitonto, kifua. Jina sikwambii."

Nyakitonto ndiko kwetu. Kila alipoitaja nilimwona mama ameinama kwenye maharage yake, nikatamani nyumbani mpaka kalamu ikasimama. Sikuwa nimekwenda karibu mwaka mzima. Nilisingizia kazi ya Jumatatu. Mama hakuwa na simu, na kuomba ya jirani aliona ni kujidhalilisha.

Siku moja mwanamke wa miaka sitini wa Nyakitonto, mwenye kifua, akasomwa kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikauliza jina.

"Aa, dada, si ulinikataza mwenyewe?" Akacheka. Nilimkatia simu kwa hasira, nikampigia jirani yetu, nikamwomba ampelekee mama simu.

"Mwana wanje," mama alisema, sauti imemkauka. "Nilidhani umenisusa."

"Kwa nini, mama?"

"Nimekwenda hospitali Kasulu mara tatu. Kila mara nawatajia jina langu polepole, waliandike vizuri. Nawaambia binti yangu yuko Kibondo, karatasi zote zinafika kwake. Nikirudi nakaa, nangoja uniulize hali."

Nililia pale pale mezani. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba jina lake liliishia Kasulu kwa amri yangu. Nilisema tu nakuja kesho.

Alikohoa kwanza, kwa muda mrefu. "Na wenzangu je?" akauliza. "Ukija huku, nani atabaki kusoma majina yao?"