Meneja wa Cherono amenipigia simu, mdomo wangu ukatangulia

Marafiki, leo nusura msichana wangu afutwe kazi kwa sababu ya mdomo wangu!

Mnamjua Cherono, kifungua mimba wangu, yule huchagua viazi kwa stoo kubwa hapa Mau Narok. Mchapakazi huyo. Hiyo bidii ameitoa kwangu, sitaficha.

Asubuhi nikikamua ng'ombe, simu ikalia. "Mimi ni meneja wa Cherono."

Nikaweka ndoo chini. Meneja apigie mzazi simu ya nini, kama si kufuta mtu?

Nikaanza kulia. "Tafadhali bosi, mvumilie! Hata hiyo maneno ya kuacha kazi ni hasira tu, ati hakuna mtu huona bidii yake!"

Meneja akashtuka.

"Kwani anataka kuacha kazi?"

Woi! Na mtoto alinikataza kusema.

"Mama, mimi nilikuwa nakupigia nikushukuru. Juzi mvua ikiingia stoo, wengine walikimbia nyumbani. Yeye alibaki akihamisha magunia."

"Na yeye mwenyewe umemshukuru?" nikamuuliza.

Akakohoa, akakata simu haraka.

Jioni Cherono akaingia macho mekundu.

"Mum, uliambia bosi nini? Amesimama mbele ya watu wote akaniambia asante. Wote wakapiga makofi!"

"Mimi? Ningesema nini mimi?"

Saa hii anafua dastikoti, lile koti lake la kazi, ya kuvaa kesho, na anaimba.

Kama bosi wako hajawahi kukuambia asante, mtagi hapa chini. Na mimi mnipongeze pia. Nimezaa!