Ufunguo Mfukoni mwa Msimamizi

Wenzake kazini walimwita Fundi Kamba, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa akihangaika na kamba za chuma zinazopandisha na kushusha lifti. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kifua kipana na mikono yenye weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni yoyote. Ukimwona anapita na sanduku la vifaa begani, ungeapa kwamba huyu hajawahi kuumwa hata mafua. Hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Miaka miwili kabla ya kisa hiki, utumbo wake ulioza. Ndivyo alivyopenda kulisema mwenyewe, bila kuzungukazunguka. Madaktari walikata kipande kirefu, wakaziba njia ya kawaida, wakaitoa ncha ya utumbo nje kupitia tundu dogo kando ya kitovu. Juu ya tundu hilo hubandikwa mfuko. Choo huingia humo kinapotaka chenyewe, hakipigi hodi wala hakingoji saa ya mapumziko. Mfuko ukianza kujaa lazima umwagwe. Ukipuuzwa unavimba, gundi inaachia, na kinachofuata kila mtu anaweza kukisia.

Siku za mwanzo alijionea kinyaa hasa. Mkewe alipokuwa akimbadilishia mfuko, yeye alifumba macho na kugeuzia uso ukutani. Mkewe, mshona mapazia asiye na maneno mengi, alivumilia wiki tatu, ya nne akachoka.

"Baba watoto, fumbua macho," alimwambia. "Ni choo tu hiki. Nimesafisha cha wanao watatu na bado niko hai."

Akafumbua. Baada ya mwezi akawa anajibadilishia mwenyewe kwa dakika kumi, ilimradi apate vitu vitatu: maji ndani ya chumba hicho hicho, pahali pakavu pa kupanga vifaa vyake, na mlango unaofunga. Vyoo vya kawaida mjini havina hivyo. Sinki liko nje mbele ya watu, ndani ni pembamba kama kabati, na sakafu imelowa maji ambayo hutaki kujua yametoka wapi. Kilichomfaa ni choo cha watu wenye ulemavu, kile chenye picha ya kiti cha magurudumu mlangoni.

Basi akaanza kuvijua vyoo hivyo, na alichokiona kikamchafua roho kuliko tumbo lake lilivyowahi kumchafua. Jengo moja walikigeuza stoo ya mafagio na ndoo, na matambara mabichi yaliyooza yakinuka kama panya aliyekufa. Jengo jingine wafanyakazi walikuwa wanavutia sigara humo, sinki limejaa vipisi na makohozi. Kwingine sinki lenyewe lilikuwa limeng'olewa, pakabaki bomba linalotokeza ukutani. Na palipokuwa pasafi, palikuwa na macho ya watu. Kituo cha mabasi, mwanamke mmoja alimsubiri mlangoni mpaka akatoka, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwanaume mzima na miguu yako miwili, huoni haya?" Fundi Kamba akaenda zake. Angemwambia nini? Afungue shati katikati ya kituo?

Kinyaa alichokuwa nacho kwa mwili wake kilimwisha taratibu. Hakikupotea, kilihamia kwa watu.

Siku ya kisa chenyewe alitumwa kwenye jengo la ofisi la ghorofa tisa. Lifti moja ilikuwa imekufa zamani, ya pili ilikuwa inakoroma na kusita katikati ya ghorofa. Alikwenda na fundi umeme aliyekaribia kustaafu, ambaye kampuni nzima ilimwita Mjomba. Walipanda mpaka chumba cha mashine juu kabisa, wakazima swichi kuu, wakaanza kufungua breki. Ilipokaribia saa tano, Fundi Kamba alishika ubavu.

"Umejaa?" Mjomba aliuliza.

"Umejaa. Nashuka mara moja."

"Shuka taratibu. Usinifie kwenye ngazi, sijui namba ya shemeji."

Akashuka ghorofa zote tisa kwa miguu, begi lake dogo la vifaa vya mfuko mkononi. Choo alichokitaka kilikuwa ukumbini chini, karibu na meza ya mlinzi. Kufuli halikuwepo mlangoni, akafurahi. Kabla hajagusa kitasa, mlango ukafunguka kwa ndani akatoka mwanaume aliyevaa suti, gazeti kwapani, manukato yakimtangulia. Akafunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayehakikisha pochi yake ipo.

Alikuwa msimamizi wa jengo.

"Samahani bosi, naomba ufunguo," alisema Fundi Kamba.

"Choo cha mafundi kiko nyuma kule."

"Nakijua. Nahitaji hiki."

"Hiki ni cha walemavu, bwana. Husomi picha?"

"Naisoma. Mimi ni mmoja wao."

Msimamizi akamtazama kuanzia buti mpaka utosini, kisha akarudi tena chini. Mlinzi, mwanamke mwenye sare iliyonyooka kwa pasi, akaguna. Watu wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakaacha simu zao.

"Una ulemavu gani wewe? Tuoneshe basi."

Fundi Kamba akasogea karibu, akashusha sauti. "Nilifanyiwa upasuaji. Nina mfuko tumboni."

"Mfuko wa nini?"

"Wa choo."

Yule mtu akaruka nyuma hatua mbili, mkono puani, ingawa hakukuwa na harufu yoyote ila ya manukato yake. "Basi ndiyo kabisa! Utanichafulia!"

Aliposema "utanichafulia," Fundi Kamba aliisikia vizuri ile "ni". Msimamizi alikuwa anaongelea choo chake binafsi.

Wakati huo mwanamke mmoja, mpiga chapa wa wakili wa ghorofa ya nne, alikuwa ameingia kutoka nje, akijisukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuta lifti imezimwa na mabishano yamepamba moto. Alimkazia fundi macho.

"Kumbe ndiyo maana hatukipati," alisema. "Kila mzima anakitaka choo chetu."

"Dada," alijibu Fundi Kamba, sasa akikaza meno, "wewe huwa unaupata huu ufunguo?"

 Mwanamke akamtazama msimamizi, kisha akayatazama magoti yake mwenyewe. "Mimi sinywi maji," alisema. "Naamka sinywi, mpaka nirudi nyumbani jioni. Mwaka wa tatu huu. Ukimtafuta yuko kikaoni. Ukimpata anakuuliza mbele za watu utachukua muda gani."

"Unanisingizia," alisema msimamizi, bila hata kuona aibu.

Fundi Kamba alitaka kusema neno, lakini hapo hapo alihisi uvuguvugu ukishuka ubavuni. Gundi ilikuwa imeachia. Safari hii harufu ilikuwepo kweli. Watu wa benchi wakasimama wakasogea mlangoni. Mlinzi akafunika pua kwa kola ya sare. Msimamizi akamgeukia mlinzi, akamwambia kama mtu aliyeshinda kesi, "Unaona? Si nilikuambia?"

Fundi akatoka kwa mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na bomba moja la maji, kando ya mapipa ya taka. Mapipa yamefurika, maji meusi yanavuja chini, nzi wamejaa hata hawajisumbui kuruka. Hapo ndipo alipovua shati. Mjomba, aliyeona amechelewa akamfuata, alimkuta ameinama kwenye bomba, akijiosha kwa mkono mmoja na kufukuza nzi kwa mwingine.  Mzee alivua koti lake la kazi, akalishika kwa mikono miwili kama pazia, akageuza uso upande wa ukuta.

"Tundu lenyewe nalionea uchungu," alisema Fundi Kamba. "Limekosa nini mpaka lioshwe jalalani?"

"Osha, mwanangu. Osha kwanza."

Alipomaliza, mfuko mpya umebandikwa, hakuwa na hasira tena. Alihisi kichefuchefu tu, kile cha mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha na ladha haitaki kutoka ulimini. Akapanda tena ghorofa tisa. Kwenye chumba cha mashine kulikuwa na kitabu cha matengenezo, ambamo fundi huandika kila alichofanya, na bila sahihi yake lifti haiwashwi. Akaandika kwa herufi kubwa:

"Kazi imesimama. Fundi ana mfuko wa choo tumboni. Amenyimwa choo cha walemavu cha jengo hili kwa sababu msimamizi anakitumia peke yake. Fundi amejisafisha kwenye mapipa ya taka. Breki haijajaribiwa. Lifti isiwashwe."

Akatia sahihi, akashuka na kitabu. Lakini alipomwona mpiga chapa bado yuko ukumbini, alisita. Wa kwanza kuumizwa na lifti iliyozimwa angekuwa huyu.

"Dada, nikiondoka hivi hutapanda leo."

"Ondoka," alisema yeye. "Nimekaa na kiu miaka mitatu. Siku moja ukumbini haitaniua. Wakili wangu atashuka mwenyewe na karatasi zake, atajua ngazi zina urefu gani."

Hawakuondoka; waliamua kumsubiri mwenye jengo akisome kitabu. Walikaa kwenye benchi, mafundi wawili na yule mwanamke, kitabu kikiwa wazi mezani kwa mlinzi. Saa nane akafika mwenye jengo, bibi mnene mwenye magoti mabovu, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nane. Akakuta lifti imekufa. Akauliza kwa ukali, akaoneshwa kitabu, akasoma akisogeza kidole chini ya maneno.

"Fungua hicho choo," alimwambia msimamizi.

"Mama, suala hili lina mambo mengi..."

"Fungua."

Mlango ukafunguka. Kwenye vyuma vya kushikilia vya ukutani zilikuwa zimeanikwa soksi na mashati mawili. Juu ya sinki kulikuwa na kioo, chupa za manukato, kitana chenye nywele, na kikombe cha chai kilichoota ukungu. Kizulia sakafuni, rundo la magazeti pembeni, na birika la umeme karibu kabisa na choo. Mtu mzima mwenye cheo alikuwa amejijengea sebule mahali ambapo wengine walikuwa wanaomba dakika kumi tu. Mlinzi, aliyekuwa amelinda mlango ule miaka yote, alichungulia akasema "Eeeh!" akarudisha kichwa haraka.

Fundi Kamba alisubiri bibi yule aseme neno kwake, au kwa mpiga chapa. Hakusema. Alichosema ni hiki: "Wapeni ufunguo, lifti itembee. Nina wageni saa tisa."

Basi. Samahani haikuja. Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya meza ya mlinzi. Msimamizi akakusanya soksi zake huku akitabasamu kama mtu aliyehamishwa ofisi.

"Tangulia, dada," alisema Fundi Kamba.

Mpiga chapa akaingia. Alipotoka, alimwomba mlinzi maji, akanywa bilauri nzima pale pale ukumbini bila kupumua, akaomba nyingine. Breki ilijaribiwa saa tisa kasoro, na mafundi wakaenda nyumbani mapema.

Kila baada ya miezi mitatu Fundi Kamba hurudi kwenye jengo lile kukagua kamba. Ufunguo upo msumarini. Mara nyingine anakuta mtu amevutia humo sigara, mara nyingine karatasi zimetupwa sakafuni, na amemsikia mlinzi akimuuliza msichana mmoja mwembamba, anayeonekana mzima, "Wewe una ulemavu gani?" Siku hiyo aliuchukua ufunguo yeye mwenyewe, akampa msichana bila kumuuliza kitu, akasimama mbele ya mlinzi mpaka mlinzi akatazama pembeni.

Msimamizi hakufukuzwa. Wakikutana ukumbini humsalimia kwa uchangamfu, "Fundi, mambo safi?" Fundi Kamba hupita kama vile hakuna mtu, akabonyeza kitufe cha lifti na kusubiri mlango ufunguke.